Wanawake na ulinzi wa mpaka wa Ruvuma: hotuba kwa vijana wa Mtwara

 

Nimepewa mada ya wanawake na ulinzi wa amani. Wengi mkisikia hivyo mnawaza kofia za bluu, wanajeshi wetu kule Kongo. Sawa, wapo. Lakini mimi nataka tuongelee mto huu hapa, Ruvuma.

Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitishwa Oktoba 31, 2000. Linataka wanawake wawepo panapoamuliwa mambo ya vita na amani, na walindwe vita ikiwaka. Sasa lilete Mtwara. Oktoba 2020 Kitaya ikavamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Machi 2021 ikafuata Palma, ng'ambo tu hapo. Watu wakakimbilia kwetu, wengi wao wanawake na watoto. Julai mwaka huo UNHCR ikasema tangu Januari zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ibara ya 33, unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari. Ule wa OAU wa 1969 nao hivyo hivyo. Nchi yetu imeridhia yote miwili. Serikali ijibu!

Kuna watakaosema, mbona wanawake wako juu? Kweli. Dk. Stergomena Tax alikuwa Katibu Mtendaji wa SADC jeshi la jumuiya lilipoidhinishwa kwenda Cabo Delgado Juni 2021, na Septemba akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Ulinzi nchini. Nampongeza, sina kinyongo. Ila kiti kimoja Dodoma hakimfikii mama anayechokoa pweza Msimbati, ambaye anaona boti ngeni kabla ya doria, na ana shangazi yake upande wa pili. Nani anamuuliza? Akiulizwa, anaulizwa kama mtuhumiwa.

Halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama. Wanawake wana nafasi zao kisheria kwenye halmashauri, lakini wakishaingia wanasukumiwa huduma za jamii: maji, zahanati, choo cha shule. Mambo ya maana, sikatai. Dada zangu mtakaogombea uchaguzi ujao wa vijiji, mkishaapishwa ombeni ile kamati nyingine. Na nyie kaka zangu msicheke, kwenye kugawana kamati mtakuwepo.

Nitakuwa pale nje chini ya mkorosho na nakala za sheria. Njooni tusome.