Mlinzi wa Usiku Anapoburuta Miguu

Ndugu msikilizaji wa Ujiji, Gungu na Kibirizi, leo tumwangalie mbwa wako wa ulinzi. Mbwa mkubwa, hasa wa aina ya German Shepherd, akiinuka kwa taabu, akikataa kuruka, akiburuta kucha za nyuma, watu husema kazeeka. Mara nyingi ni ugonjwa.

Mbwa ana pingili 7 za kiuno. Ile ya 7 inapokutana na sakramu, mfupa ulio kati ya kiuno na mkia, mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, mkia na kibofu hupita kwenye njia nyembamba. Diski ikijitokeza au mfupa ukiota, mishipa hubanwa.

Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, uliosogea au uliooza kwa maambukizi. Mishipa haionyeshi. Kwa hiyo picha safi haina maana kwamba mbwa ni mzima, na mfupa uliochipuka huonekana hata kwa mbwa asiyeumwa chochote! Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha mishipa yenyewe. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, maana akitikisika picha huharibika.

Anza kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Mikono yake itagundua mengi kabla ya mashine. Chuo Kikuu cha Sokoine, kule Morogoro, kina hospitali ya wanyama.

Tafadhali, usimpe diklofenaki, dawa yako ya maumivu, inaweza kumtoboa tumbo. Na miguu ikilegea ghafla, huku anatokwa udenda na tabia imebadilika, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, toa taarifa mara moja.