Ilimu ya Dawa za Asili na Riziki ya Kijana: Mhadhara wa Umma Uliosomwa Machakos



Nimeulizwa mara nyingi na vijana wa mji huu, tena kwa unyofu usio na shaka, ni njia gani aifuate mtu atakaye kuwa tabibu wa dawa za asili, asome wapi, kwa miaka mingapi, na akishahitimu riziki yake itoke wapi. Na kwa kuwa swali hilo lina haki ya kujibiwa hadharani, nimelifanya kuwa maudhui ya mhadhara huu.

Naanzia Bara Hindi, kwa sababu huko swali hili lina jibu. Ayurveda, ambayo maana yake ni ilimu ya uhai, ni tiba ya kale iliyohifadhiwa katika vitabu vilivyonasibishwa na Charaka na Sushruta, nayo huupima mwili kwa nguvu tatu, vata, pitta na kapha, ambazo zikiwa katika mizani mtu huwa na afya, na moja ikizidi nyingine huugua. Mtu wa pwani yetu hatauona ugeni mkubwa katika maneno hayo, maana matabibu wa Waswahili, kwa urithi wa Kiyunani uliopitia mikononi mwa Ibn Sina, nao walizoea kunena juu ya damu, balghamu, safura na sauda, na kumwambia mgonjwa kwamba chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi. Lakini ukale peke yake haumpi mtu kazi. Mwaka 1970 Bunge la Uhindi lilitunga sheria ya kuunda baraza kuu la tiba za Kihindi, mafunzo yakapewa kipimo kimoja nchi nzima, na hivi leo mwanafunzi wa shahada ya Ayurveda husoma miaka mitano na nusu, akijifunza viungo vya mwili, mimea na maandiko ya kale, na mwaka wa mwisho huupitisha wodini akihudumia wagonjwa chini ya macho ya walimu wake. Mwaka 2014 tiba hizo zikapewa wizara yake. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaweka kituo chake cha tiba za asili Jamnagar, katika jimbo la Gujarat.

Wakenya wameisikia Ayurveda kwa njia iliyo karibu zaidi na mioyo yao. Marehemu Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, alimpeleka binti yake katika hospitali ya macho ya Ayurveda huko Koothattukulam, Kerala, naye mwenyewe alitangaza kwamba nuru ya macho ya binti yake ilirejea. Na ni katika mji huo huo, alikokwenda kutibiwa, mauti yalimkuta tarehe 15 Oktoba 2025. Nalitaja jambo hili kwa heshima, kwani ushuhuda wa mzazi una uzito wake, illa ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, hufungua mlango wa uchunguzi wala hauufungi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wataalamu wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Anayeipenda tiba ya asili kwa dhati hana budi kuzijua habari za namna hiyo kabla ya adui yake kumwambia.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Wazee wetu wa Kikamba walichemsha mti waliouita kivai mpaka maji yake yakawa meusi na mazito kama lami, wakayapaka katika ncha ya mshale, na mnyama aliyechomwa hakwenda mbali. Kilichomo katika mti huo kilitengwa na mwanakemia wa Kifaransa mwaka 1888 kikaitwa ouabaini, nacho hushika moyo, kikaukaza na kuutawala mwendo wake. Kwa hiyo kile kile kinachoua kwa kipimo kikubwa kiliweza kuwa dawa ya moyo kwa kipimo kidogo. Kisa kama hicho kilikwisha kutokea kusini mwetu. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, akiwa katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, alipiga mswaki uliokuwa umeguswa na sumu ya mishale iitwayo kombe, akatambua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Sumu hiyo ikachunguzwa Edinburgh, ikazaa dawa iliyotumiwa na madaktari wa Ulaya kwa miongo mingi. Jina la kombe lilibaki katika jina la mmea. Majina ya mafundi wa Kiafrika walioujua hayakubaki popote.

Laiti hasara ingeishia hapo! Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi, na fauka ya sheria hiyo, mahubiri mengi yakamweka mundu mue, yaani mganga, katika fungu moja na mchawi, hata mtu aliyejua mizizi ya kutuliza homa akawa anaichimba kwa kificho. John Mbiti, mwana wa Mulango kule Kitui, naye ni kasisi, alisimama katika kitabu chake cha mwaka 1969 kumtetea mganga dhidi ya dhana hiyo. Nami nina ushahidi wangu mdogo. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita susu, alikuwa akikata jani la kiluma, ambalo watu wa pwani huliita shubiri, akatupaka utomvu wake palipoungua. Hilo tunalo bado. Bali alikuwa pia na mzizi mmoja wa kumtuliza mtoto mwenye tumbo la kukakamaa, nao hakuna kati yetu aliyeuliza jina lake wala mahali ulipoota. Tulimzika susu pamoja na mzizi huo.

Sheria za leo ni njema kuliko za jana. Katiba ya 2010 inaitaka dola ilinde maarifa ya wenyeji juu ya mimea na viumbe. Sheria ya mwaka 2016 inayalinda maarifa ya jadi yasichukuliwe bila idhini ya wenyewe. Na Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza kwamba Bunge liunde chombo cha kusimamia tiba za asili. Jirani zetu wa Tanzania walitangulia, kwani huko Muhimbili, Dar es Salaam, dawa za asili zilianza kuchunguzwa mwaka 1974, na sheria yao ya tiba asili ni ya mwaka 2002.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Soma kwanza botania, kemia au famasia katika chuo cha nchi hii, kwa sababu asiyeweza kuutofautisha mti wa dawa na ndugu yake wa sumu atamuua mgonjwa kwa nia njema. Ukitaka Ayurveda yenyewe, serikali ya Uhindi hutoa ufadhili kwa wageni, nenda ukaisome kwa ukamilifu wake, usitosheke na cheti cha wiki mbili. Riziki ipo katika maabara, katika ukaguzi wa dawa, katika mashamba ya mitishamba, na katika kufundisha. Wala usiitafute katika kumwahidi mgonjwa wa saratani au wa kisukari kwamba atapona, maana huo ni wizi.

Na kabla ya hayo yote, likizo hii, mvua zitakaponyesha na majani yawe mabichi, nenda kwa mzee wa kwenu anayejua dawa. Mwamkie, keti, muombe ruhusa. Kausha tawi lenye ua kati ya magazeti, andika jina la mti kwa Kikamba, mahali, tarehe, unavyoandaliwa na kipimo chake. Na juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa, liandike jina la mzee huyo.