Juu ya nini makuta inatuponyoka mikononi

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya vijana wa harakati, Butembo

 

Tunajua wengi walifika hapa wakiwaza kwamba tutaongea tena juu ya barabara, umeme na usalama. Hayo tutaendelea kuyasema mpaka yasikike. Lakini leo tunalomba muturuhusu tuongee juu ya mfuko wetu wenyewe, kwa sababu miezi mitatu iliyopita tulifungua sanduku la harakati na tukalikuta tupu.

Wengi walisikia habari hiyo nusu nusu. Tuiseme nzima. Mu sanduku mulikuwa dola 184, michango yetu ya mwaka. Mwenye kulichunga alikuwa komarade wetu, kijana wa lisanse kama sisi, bila kazi kama sisi. Ameketi hapa kati yetu. Alituambia: semeni yote, muache jina tu.

Bibi yake alijifungua kwa operesheni. Faktire ilikuwa dola 360. Hospitali ilikataa mama na mtoto watoke mbele ya kulipa. Mambo hayo tunayajua wote, kila mmoja wetu ana dada ao shangazi mwenye alishikwa vile. Komarade alizunguka kwa wajomba na ku kanisa, akapata dola 60. Usiku akarudi nyumbani, na sanduku liko chini ya kitanda. Alihesabu: 60 na 184 ni 244. Inabakia 116. Sasa akawaza: nikicheza pari na 50 tu, nitapata ile yenye inakosa, nitatoa mama ya mtoto, na sanduku nitalirudishia. Alicheza 50, ikaenda. Akacheza 60 ili arudishe ile 50. Kisha siku ine sanduku lilikuwa tupu na bibi yake alikuwa angali mu hospitali. Kwa mwisho akaenda kwa banki lambert, akachukua dola 300 kwa asilimia 30 ya mwezi. Kila mwezi analipa 90. Amekwisha kulipa 270, na deni lingali 300, kwa sababu anachofikia kulipa ni faida peke yake.

Sisi tulifanya nini? Usiku ule ule tulimtoa mu WhatsApp na tukamwita mwizi. Ni mama mmoja mwenye kuuzisha makala, jirani wetu, ndiye alituuliza: « Wakati alikuwa anatafuta ile feza, alikuja kwenu? » Tukajibu hapana. Akasema: « Basi mujiulize juu ya nini aliogopa ninyi kupita banki lambert. »

Hatukuwa na jibu. Njo maana tukaketi, tukasoma, tukaulizana. Haya ndiyo tulipata.

Kitu cha kwanza. Tunapenda kusema mtu anaharibu makuta kwa sababu hakusoma. Lakini komarade wetu alisoma ekonomi. Ni yeye alitufundisha asilimia! Mwaka 2013 wachunguzi walichapisha kazi waliyofanya kwa wakulima wa miwa kule India. Wakulima wale wanapata feza mara moja tu kwa mwaka, wakati wa mavuno. Waliwapa mitihani ya akili mbele ya mavuno, wakati mfuko umekauka, na tena kisha mavuno. Watu ni wale wale, lakini mbele ya mavuno walishindwa zaidi. Akili yao haikupunguka. Ilikuwa imejaa: minervale ya watoto, deni la duka, dawa. Kichwa chenye kimejaa vile kinaona leo tu, kesho hakionekani.

Sisi wenyewe tunalijua hilo bila kwenda India. Mtu mwenye feza ananunua gunia la makala mwanzo wa mwezi. Sisi tunanunua kasashe kadogo kila jioni, na mwisho wa mwezi vile visashe vimepita bei ya gunia. Tunajua hesabu hiyo. Lakini jioni ile mu mfuko muko franga 1 000, gunia tutalinunua na nini? Masikini analipa bei kali kwa kila kitu, halafu watu wanamwambia hajui kupanga.

Kitu cha pili. Wanatuambia tuweke akiba. Tuweke wapi? Tuulize wazazi wetu. Mwezi wa 12 mwaka 1979, Mobutu aliondoa noti za zaire 5 na 10, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Mwenye alikuwa na akiba yake ndani ya mtungi mbali na mji alibaki na karatasi. Mwaka 1991 kule Kinshasa, Bindo Promosyo na wenzake walikuwa wameahidi kuzidisha feza ya watu. Wakaanguka, na watu wakalia. Mwaka 1993 walileta zaire mpya: milioni 3 za zamani zikakuwa 1. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo: zaire mpya 100 000 kwa franga 1. Na sisi vijana je? Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franga 1 000. Mwisho wa 2017 ilikuwa imepita 1 500. Mwalimu mwenye aliweka akiba yake mu franga alipoteza sehemu kubwa bila mtu kumuibia.

Na mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia Goma, mabanki yakafunga milango. Ndugu zetu wenye kuwa na konti kule, watu wenye walitii kila shauri la kuweka akiba, walianza kutafuta feza ya chakula kwa watu wa M-Pesa na Airtel Money, na kukatwa kila wakitoa.

Kwa hiyo, mtu akipata dola 100 na kukimbilia kununua mabati, mbuzi ao telefone, tusimucheke haraka. Inchi hii ilimufundisha kwamba feza yenye kulala inakufa. Shida ni kwamba fundisho lile lile linatusukuma pia kula haraka, kunywa haraka, na kucheza haraka.

Kitu cha tatu ni haya, na hapa tujilaumu sisi wenyewe. Tukumbuke kolasyo zetu. Kostime mpya, mbuzi, kreti za bia, viti vya kukodi, picha. Jamaa zingine zilikopa. Kuna kati yetu mwenye sherehe yake ilikula dola 400, na kisha miezi miwili alikosa dola 30 za kupeleka dosye yake ya kuomba kazi. Hakuna mtu alitushika kwa nguvu. Tuliogopa watu waseme: mtoto wa fulani alimaliza kama mwenye kuzika maiti. Haya hiyo hiyo inatufanya tusiseme « sina ». Unatoa raundi mu baa ili usionekane masikini. Unatumia shangazi feza ya kodi ya nyumba yako, kwa sababu anaamini mwenye lisanse hawezi kukosa. Kumsaidia shangazi ni vizuri, ni yeye alilipa masomo yetu. Kumdanganya kwamba tunayo, wakati tunakopa ili kumtumia, hilo ni kosa.

Na haya ndiyo ilimkataza komarade wetu kuja kwetu. Aliona ni afazali kuwa mwenye deni kwa mtu asiyemjua kuliko kuonekana mwenye kukosa mbele ya marafiki.

Kitu cha ine: kuna watu wanavuna mu shida hiyo. Nyumba nyingi za pari zinajengwa pale vijana wasio na kazi wanashinda. Tufanye hesabu pamoja. Uchukue tiketi ya mechi 10. Tuseme unajua mpira sana, na kila mechi una bahati 7 juu ya 10 ya kupata. Kupata zote 10 ni karibu mara 3 juu ya 100. Mara 97 unapoteza. Yule mwenye kupata, picha yake inazunguka mu telefone zote. Wale 97 wananyamaza, kwa sababu ya ile haya.

Na wale wenye kuahidi kwamba dola 100 itakuwa 200 kisha siku 30? Wanalipa wa kwanza na feza ya wa pili, wa pili na ya wa tatu, mpaka siku watu wapya wanapunguka, na ofisi inafungwa. Ni Bindo ile ile, imebadilisha nguo na kuingia mu telefone. Hata kati yetu watatu walipoteza, na hawakusema mpaka juma lililopita.

Sasa tufanye nini? Hatukuja hapa kuwahubiria kama matajiri. Hatuna kazi, munatujua. Lakini tuliona kwamba uamuzi mbaya unapata mtu wakati ana haraka, yuko peke yake, na feza iko karibu na mkono. Hayo matatu tunaweza kuyapunguza.

Sanduku letu lilikuwa chini ya kitanda cha mtu mmoja. Hilo ni kosa letu sisi wote, si lake peke yake. Wamama wa soko wenye wako mu AVEC hawafanyi vile. Sanduku lao ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku liko kwa mtu wa ine. Linafunguliwa mbele ya wote, feza inahesabiwa kwa sauti, kila mmoja ana kitabu chake kidogo chenye kupigwa muhuri. Pembeni wana feza ya musaada kwa ugonjwa na kifo, hawaichanganyi na akiba. Mwenye kukopa anajulikana, faida inabaki kwao, na mwisho wa mwaka wanagawana. Wamama hao wengine hawakumaliza shule ya musingi. Sisi wa lisanse tulihesabia feza chini ya kitanda.

Kule magaribi ya Kenya wachunguzi walijaribu kitu kidogo sana: waliwapa watu sanduku la kuweka feza ya afya. Kuwa tu na mahali salama pa kuweka kulifanya watu watumie zaidi kwa kukinga ugonjwa. Unaona? Feza yenye ina jina lake na mahali pake inaweza kusema « hapana » kwa shida zingine, na wewe ukasema « hapana » bila kugombana na mtu.

Basi tunapendekeza haya. Toka leo harakati iwe na sanduku la kufuli tatu, na hesabu isomwe kila mwezi, mbele ya yeyote mwenye anataka kusikia. Tuwe na feza ya musaada ya pembeni. Mwenye anafikiria kukopa kwa banki lambert ao kuweka feza mu kampuni yenye kuzidisha, alale usiku mmoja kwanza, kisha amwambie komarade mmoja. Kama kampuni inakusanya akiba ya watu, tuulize: Banque Centrale du Congo iliipa ruhusa? Ikijibu kwa maneno mingi bila karatasi, tuondoke.

Na kwa viongozi tunasema: mama mwenye alijifungua asifanywe rehani ya faktire. Nyumba za pari zisimamiwe, na watoto wasiingie. Wenye kukusanya feza za watu bila ruhusa wafuatwe mbele ya kutoroka, si kisha. Tutayadai hayo kwa sauti. Lakini tutawaambiaje watuonyeshe hesabu za inchi, kama hesabu ya dola 184 ilitushinda?

Inabaki neno la komarade wetu. Tuko hapa watu karibu 60. Dola 5 kila mmoja ni 300. Tukizitoa, deni la lambert linakwisha mara moja, na yeye atabaki na deni letu: 300 na zile 184, jumla 484. Alikubali kulipa dola 20 kila mwezi, bila faida. Ni miaka miwili na kidogo. Leo analipa 90 kila mwezi na hakuna kinachopunguka.

Tunajua kwa wengine dola 5 ni chakula cha nyumba. Asiyeweza aseme « sina », kwa sauti, na asione haya. Tuanze hapo. Na mwenye anaona kwamba komarade hastahili, asimame aseme, tutamsikiliza, kisha tutapiga kura.

Sanduku liko pale mbele, tupu, na kufuli zake tatu ziko wazi. Funguo bado hazina wenyewe. Tuchague watu watatu.