MISHIPA ILIYOVIMBA MIGUUNI
(Mada ya kamati ya afya, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Wenzetu wameshasema juu ya hisa na mikopo. Sisi tumeambiwa tuseme juu ya miguu. Msicheke, jamani. Hisa zilizomo sandukuni zimeletwa na miguu hii hii.

Mnamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akiuza machungwa pale stendi ya Korogwe. Tangu mimba ya tatu mishipa ya mguu wake wa kushoto ilijikunja kama minyoo chini ya ngozi. Akaambiwa katupiwa kitu, akachanjwa kwa wembe juu ya mshipa wenyewe. Damu ikatoka kama bomba lililopasuka. Sisi tuliokuwepo tukamkalisha kwenye kigoda, tukamfunga kamba juu ya goti, tukakimbilia gari. Alipona, lakini hospitalini tuliambiwa kigoda kilikuwa kosa na kamba ilikuwa kosa.

Basi tuanzie hapo. Mshipa wa namna hiyo ukipasuka, mlaze mtu chali, nyanyua mguu upite kifua, bana penye damu kwa kitambaa safi kwa dakika kumi nzima bila kuachia-achia kuchungulia. Kisha funga bendeji, mpeleke hospitali. Kamba hapana! Damu ya mshipa huu iko safarini kurudi moyoni. Ukiifungia njia juu, itatokea pale palipo wazi.

Kwa nini mishipa huvimba? Damu hupanda kutoka mguuni ikisukumwa na misuli ya kigimbi tunapotembea, na ndani ya mshipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vilango vikilegea, damu hutuama, mshipa hutanuka. Mimba huongeza uzito huo, ingawa baada ya kujifungua mara nyingi hupungua. Kusimama kutwa nzima sokoni, au kwenye foleni ya maji kama tulivyozoea sisi wa Handeni, kunazidisha. Wengine wamerithi kwa mama zao. Uchawi haumo, na si matende pia. Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu.

Wengi hawapati zaidi ya uzito na kuwashwa jioni. Ila ukiachia miaka, ngozi juu ya kifundo hugeuka nyeusi na ngumu, jeraha dogo la jembe likawa donda ndugu. Tena mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya uzazi, huenda damu imeganda ndani. Kipande kikikatika kikafika mapafuni, kinaua. Mzazi huyo asikandwe mguu, na bibi zetu mtusamehe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Matunzo ya nyumbani hayana gharama: usisimame mahali pamoja, tembea, na ukipumzika weka miguu juu ya gunia. Bendeji ya kuvutika hufungwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuanzia vidoleni kwenda juu, lakini mwenye kisukari au mwenye miguu ya baridi amwone daktari kwanza. Mishipa iliyoharibika sana hutibiwa kwa sindano, kwa mionzi ya leza au kwa kupasuliwa, na mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Sasa neno letu la mwisho, na hili ndilo lililotuleta mbele. Katiba yetu inaruhusu mfuko wa jamii utoe fedha za msiba na uzazi tu. Mwenzetu yule aliuza mbuzi wake wawili kulipia matibabu, wakati sandukuni mlikuwa na fedha zake mwenyewe. Tunaomba mkutano mkuu uongeze neno “matibabu” katika kifungu hicho. Karatasi ya sahihi iko kwa Katibu, na sisi wa kamati tumeshatia zetu.

Tunaomba kuwasilisha.