Habari za Vijana Walioacha Utarishi na Kutaka Kurudi



Mwaka huu kamati yetu imeulizwa mara nyingi habari za vijana wetu walioko Marekani, ambao waliandikwa kazi ya kupeleka barua katika posta ya nchi ile, wakaiacha kabla mafunzo hayajaisha, na sasa wanataka kurudi. Baadhi ya wazazi wameona haya hata kulitaja jambo hili. Sisi tumeona ni afadhali lisemwe hapa waziwazi, kwa kuwa nauli ya vijana hao ilitoka katika mfuko wa chama.

Wengi wetu huidhani kazi ile kuwa nyepesi. Hapa Kenya barua hungoja katika sanduku pale posta, na mwenyewe huifuata na ufunguo wake. Kule ni tarishi anayeifuata nyumba, moja baada ya moja, kwa jua na kwa theluji. Mkoba wake waweza kufika ratili 35, na kifurushi kimoja ratili 70, yaani kilo 32 hivi. Kila mwaka matarishi zaidi ya 5,000 huumwa na mbwa. Yapo magari yaliyoundwa kati ya 1987 na 1994, yasiyo na kipoza hewa, na usukani wake uko upande wa kulia. Kwa hilo, angalau, kijana wa Kenya yu nyumbani. Tena tangu 2013 vifurushi hupelekwa hata Jumapili, na mara nyingi wageni wa kazi ndio waitwao siku hiyo. Kijana aliyeahidiwa na rafiki zake kazi ya kutembea na bahasha, akikutana na hayo yote katika juma la kwanza, si ajabu akavua mkoba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Je, aweza kurudi? Aweza, lakini hurudi kama mgeni. Sharti awe raia au mwenye kibali cha kukaa daima, kama alivyokuwa mwanzo. Hupeleka maombi mapya kwa mtandao, akaeleza kwamba aliwahi kuandikwa na kwa nini aliondoka. Asifiche, kwa maana kumbukumbu zake zimo. Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kati ya aliyeaga kwa barua na aliyeacha tu kufika kazini: wa kwanza ana neno la kumwambia mkuu wa ofisi, wa pili hana ila kujitetea. Tunawashauri pia waangalie kilichowashinda. Kama ni miguu, au ni mbwa, zipo kazi za ndani za kupanga barua na kupakia mizigo, nazo ni za posta ileile.

Akikubaliwa, muda wa majaribio huanza upya. Kwa tarishi msaidizi wa mjini ni siku 90 za kazi, au siku 120 za kalenda, zozote zitakazotangulia kutimia. Katika muda huo akiondolewa, hana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa njia ya chama cha wafanyakazi. Basi mzazi anayempigia simu mwanawe kila jioni kumdai fedha za chama, ajue anamwongezea mzigo juu ya ratili 35.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kamati inaleta shauri hili mbele ya mkutano: kila kijana aliyepeleka maombi ya kurudi, deni lake la nauli lisidaiwe, wala kwake wala kwa wazazi wake, mpaka siku hizo 120 zipite. Tunajua wako wanachama wasiopendezwa, nao wana haki, kwa maana fedha ni zao. Tunawaomba waseme leo, wazee wakiwapo, kabla kura haijapigwa.