Lori la Dizeli na Mtungi wa Gesi

Msikilizaji, panda mlima Kitonga, upande wa Iringa, ufuate nyuma ya lori lililoshiba mzigo. Gia ya chini kabisa, utingo anatembea pembeni na gogo mkononi, tayari kulitupa nyuma ya tairi, na moshi mweusi umetanda barabara nzima. Moshi ule ni dizeli ambayo haikuungua ikaisha. Mwenye lori ameilipia, na wanakijiji wa kando ya barabara wanaivuta.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mwenye malori anashika kalamu. Kwa hiyo akisikia kwamba lori lake linaweza kutumia dizeli na gesi ya mitungi, yaani LPG, kwa pamoja, anasikiliza kwa makini. Na jambo lenyewe ni la kweli. Linawezekana, na kuna nchi ambako limefanyika miaka mingi. Ninachokipinga ni namna linavyouzwa: kwa haraka, kwa ahadi kubwa, bila hesabu.

Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, dizeli inanyunyizwa, inawaka yenyewe. LPG haiwaki kirahisi hivyo. Inaingizwa pamoja na hewa, kisha dizeli inayonyunyizwa ndiyo inayoiwasha. Kwa hiyo dizeli haiondoki kabisa, inapungua tu, na kwa kawaida sehemu inayoweza kuchukuliwa na LPG bila kuiumiza injini ni kati ya robo na theluthi. Anayekuahidi nusu, mwulize pistoni zako zitadumu miezi mingapi.

Tena gesi haifai kila mahali. Pale Kitonga, injini ikiwa imeelemewa, gesi ikizidi inawaka kabla ya wakati wake. Injini inagonga, joto la moshi linapanda, turbo na vali zinaungua. Mfumo uliofungwa vizuri unapunguza gesi wenyewe mlimani. Kwenye foleni ya Kimara, Dar es Salaam, nako, injini ikiunguruma bila kazi, gesi inakuwa kidogo mno ndani ya hewa na sehemu yake inatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Faida iko katikati, pale lori linapokwenda mwendo mmoja kwa saa kadhaa kwenye barabara ya tambarare. Kama malori yako yanashinda mjini, hii biashara si yako.

Sasa twende kwenye hesabu. Kilo 1 ya LPG ina nishati inayokaribia ya lita 1 na robo ya dizeli. Chukua bei ya mtungi wa kilo 15, gawanya kwa 15, ulinganishe na bei ya lita 1 na robo. Tuseme gesi imetoka nafuu kwa asilimia 20, na imechukua robo ya kazi. Umeokoa asilimia 5 ya gharama yote ya mafuta. Safari inayokula lita 1,000 imekurudishia thamani ya lita 50. Si haba kwa mwenye malori mengi yanayokwenda Tunduma na kurudi mwaka mzima. Kwa mwenye lori moja, gharama ya kufunga mfumo inaweza kumla kwanza. Na asisahau kwamba LPG yetu inakuja kwa meli, inanunuliwa kwa dola, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata ya mafuta.

Kwa malori yanayorudi Dar es Salaam kila siku, mimi ningechagua gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na inayofika jijini kwa bomba tangu 2004. Inavumilia mgandamizo kuliko LPG, hivyo inaweza kuchukua sehemu kubwa zaidi ya kazi ya dizeli. Matangi yake ni mazito, na kwenye mizani ya Vigwaza kila kilo ina hesabu yake, lakini gesi ni yetu.

Linaloniogopesha kuliko yote ni mtungi wa jikoni kufungwa kwa waya kwenye chesisi. Tangi la gesi la gari lina vali inayozuia kujaza zaidi ya asilimia 80, kwa sababu LPG inavimba ikipata joto, na lori linalala juani Dodoma siku nzima. Mtungi wa jikoni hauna kinga hiyo, wala haukutengenezwa kwa mtikisiko wa barabarani. Gesi yake ikivuja hairuki juu. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kutulia kwenye shimo la gereji, palepale fundi anapochomelea.

Mwenye lori, usilipe kabla hujaonyeshwa tangi la gari lenye cheti, kipimo cha joto la moshi, na mfumo unaofunga gesi wenyewe injini inapozimika. Nanyi mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, Shirika la Viwango na askari wa usalama barabarani, lori lenye mtungi wa jikoni chini ya bodi lisiruhusiwe kuondoka kwenye ukaguzi.