Pumba na Mashudu kwenye Hori la Ng'ombe wa Nyama

Mavuno yakipamba moto Kanda ya Ziwa, mashine za kukoboa mahindi na mpunga huacha malundo ya pumba. Wanenepeshaji wa Shinyanga na Mwanza wanaijua thamani ya pumba hizo: wakizichanganya na mashudu ya pamba na molasi, ng'ombe wa asili hujaa nyama kwa takribani miezi 3 kabla ya kwenda mnadani.

Pumba za mahindi humpa ng'ombe nguvu, mashudu humpa protini. Ila maganda magumu ya mpunga hayana lishe ya maana. Kinachofaa ni pumba laini, zile zenye mafuta, ambazo mfugaji akizifinya kiganjani hushikana kidogo.

Kosa linaloumiza ni haraka. Ng'ombe aliyezoea majani akijaziwa pumba kwa siku moja, tumbo huchachuka, huharisha, na anaweza kufa. Aanze na kidogo, aongezewe kwa wiki 2 hadi 3, na nyasi kavu zisikosekane. Chokaa ya mifugo nayo ni ya lazima, kwa kuwa pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo.

Gunia lililoota ukungu lisifike horini kabisa. Kulianika juani hakutoshi kuondoa sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu huo.